Samaki wa Barafu, Samaki wa Magadi (Sehemu ya Pili): Hesabu ya Kromosomu

Wiki iliyopita tuliwaacha samaki wa Antaktika katika maji yenye baridi ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, baridi ambayo ingegandisha damu ya samaki wa kawaida. Tuliona kwamba kinachowaokoa ni protini inayozuia chembe za barafu zisikue mwilini, iliyogunduliwa na Mmarekani Arthur DeVries katika miaka ya 1960, na kwamba jeni ya protini hiyo ilichipuka kutoka kwenye jeni ya kimeng'enya cha kongosho. Leo tunaingia ndani zaidi ya damu, tuhesabu kromosomu. Kisha turudi Kajiado, maana samaki anayetufaa zaidi kwa somo hili hayuko Antaktika. Yuko Magadi.

Kwanza tuelewane kuhusu kromosomu zenyewe. Ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya kiini cha seli. Huwa jozi jozi, nusu zimetoka kwa mama na nusu kwa baba. Binadamu tuna 46. Punda anayevuta mkokoteni wa mitungi ya maji pale Kitengela ana 62, na pundamilia anayetoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuja kula majani katika nyanda zetu ana 44. Wanyama hawa wawili wanaweza kuzaliana. Mwaka 2020 pundamilia jike aliyetoroka Tsavo Mashariki na kuishi na mifugo ya wenyeji alikutwa na mtoto aliyemzaa na punda, wote wawili wakiwa katika Mbuga ya Chyulu, alikokuwa amehamishiwa mama. Piga hesabu: mtoto wa namna hiyo hupata kromosomu 22 kwa mama na 31 kwa baba, jumla 53. Anakua, anakimbia, ana nguvu zake. Shida huja anapofika umri wa kuzaa. Ili mwili utengeneze mbegu au mayai, kila kromosomu hujipanga na mwenziwe, na hapa nyingi hazina mwenzi. Uzazi hukwama. Ndilo tatizo lile lile la baghala, mtoto wa punda na farasi, mwenye kromosomu 63.

Hata digidigi wetu wa vichakani wanatufunza jambo hili. Ukiwatazama digidigi wa Kirk utasema ni wamoja. Chini ya hadubini, baadhi wana kromosomu 46 na wengine 48. Katika bustani za wanyama huko Marekani waliwahi kuchanganywa bila kujua, na madume waliozaliwa wakawa tasa. Kumbe macho ya mchungaji na macho ya mwanasayansi yote yalidanganywa na ngozi.

Sasa namba hizo hubadilikaje? Njia iliyo ya kawaida kabisa kwa samaki ni kromosomu mbili kuungana ncha kwa ncha zikawa moja ndefu. Chukua vitabu viwili vyembamba uvishone katika jalada moja: maneno yote bado yapo, hakuna ukurasa uliopotea, ila rafuni sasa unahesabu kitabu kimoja. Ndiyo sababu kupungua kwa kromosomu si lazima kuwe kupungua kwa jeni. Mmarekani William Robertson aliueleza muungano huu mwaka 1916 akichunguza panzi, na mpaka leo unabeba jina lake.

Wazee wa samaki wenye mifupa wanaaminika kuwa na kromosomu 48, na samaki wengi wa baharini wamebaki hapo hapo kwa mamilioni ya miaka. Lakini angalia kilichotokea kusini. Samaki aitwaye Notothenia coriiceps, mkazi wa pwani za Antaktika, ana kromosomu 22 tu. Jenasi ya Trematomus ndiyo ya kustaajabisha zaidi: spishi zake ni ndugu wa karibu, zimeachana juzi kwa kipimo cha umri wa dunia, lakini zinaanzia kromosomu 24 hadi 58. Ndugu wa nyumba moja, mmoja ana zaidi ya mara mbili ya mwenzake! Kwa samaki barafu Chionodraco hamatus, yule asiye na wekundu wa damu tuliyemtaja wiki iliyopita, jike ana 48 na dume ana 47, kwa sababu kromosomu ya kiume imeungana na nyingine.

Watafiti wanatoa maelezo mawili yanayosaidiana. La kwanza ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine ndani ya kromosomu. Vikirundikana mahali pamoja, vinafanya kromosomu zikosee na kushikana. La pili ni barafu yenyewe. Katika enzi za baridi kali, barafu ilisonga mbele ikafunika sehemu kubwa ya kina kifupi kando ya bara, samaki wakabaki makundi madogo yaliyotengana. Katika kundi dogo, badiliko lililotokea kwa bahati linaweza kuenea kwa wote katika vizazi vichache. Barafu iliporudi nyuma na makundi yakakutana tena, hesabu zilikuwa zimeshaachana. Mimi naona maelezo haya ya pili yana uzito mkubwa, kwa sababu yanafanana na tunachokiona kwenye makundi madogo popote duniani.

Msomaji anaweza kuuliza kromosomu ya samaki inahesabiwaje. Kazi ni ya subira kuliko ya mashine. Samaki hudungwa kolkisini, dawa inayosimamisha seli katikati ya kugawanyika, wakati kromosomu zimejikunja zikawa fupi na nene. Baada ya saa kadhaa hutolewa kipande cha figo ya mbele, karibu na kichwa, maana hapo ndipo seli za damu za samaki huzaliwa kwa wingi. Seli hulowekwa katika maji yenye chumvi kidogo mno mpaka zivimbe, huimarishwa kwa pombe na asidi, kisha tone moja hudondoshwa kwenye kioo. Seli hupasuka, kromosomu hutawanyika. Rangi ya Giemsa huzifanya ziwe za zambarau. Ukimtazama ngege wa Mto Nile kwa njia hii, yule anayekaangwa kila jioni Kitengela, utaona nyuzi 44, nyingi ndogo ndogo, na jozi moja iliyozidi nyingine zote kwa ukubwa. Wazee wake wenye 48 waliunganisha jozi mbili mbili, mara mbili.

Tuje Magadi. Ziwa liko kusini magharibi mwa kaunti yetu, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi, mwinuko wa karibu mita 600, na joto lake kila aliyepita huko analijua. Watu wengi wanalifahamu kwa kiwanda cha magadi kilichoanza mwaka 1911 na reli inayotoka Konza ikipita mji wa Kajiado. Wachache wanajua kwamba kandokando ya tabaka lile jeupe, katika vidimbwi vinavyolishwa na chemchemi za moto, anaishi samaki mdogo, mara nyingi mfupi kuliko kidole cha kati na kiganja chake. Boulenger wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alimpa jina la kisayansi mwaka 1912. Leo anaitwa Alcolapia grahami.

Maji yake yana pH ya karibu 10. Samaki wa kawaida hutoa taka ya amonia kupitia matamvua, na katika maji ya aina hiyo amonia haitoki, humuua. Mwaka 1989 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature kwamba samaki wa Magadi hutoa taka yake karibu yote kama urea, kama tufanyavyo sisi wanadamu, jambo adimu sana kwa samaki wa mifupa. Kuna vidimbwi anamostahimili joto la zaidi ya nyuzi 40. Usiku oksijeni ikiisha majini hupanda juu na kumeza hewa, na kibofu chake cha hewa hufanya kazi ya pafu. Profesa John Maina, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ni miongoni mwa waliochunguza maumbile hayo. Dume huchimba kiota cha mviringo kwenye tope, jike hulea mayai kinywani. Akichungulia msafiri kutoka ukingoni, ataona mashimo hayo kama yamepangwa kwa kamba.

Miaka kama 10,000 iliyopita Magadi na Natron ya Tanzania yalikuwa ziwa moja kubwa, lenye maji yasiyo makali hivi. Yalipokauka, samaki walibaki kwenye vidimbwi vilivyotengana, na uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba makundi ya Magadi yanatofautiana. Natron nako kuna spishi tatu za jenasi hiyo hiyo. Ni habari ile ile ya Antaktika, ukame ukiwa umeshika nafasi ya barafu. Tofauti ni muda: kusini kumekuwa na mamilioni ya miaka.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Uchunguzi wa jeni umemweka samaki wa Magadi ndani ya ukoo wa ngege, Oreochromis, ambao waliohesabiwa karibu wote wana kromosomu 44. Namba zikilingana, kile kizuizi cha punda na pundamilia hakipo. Ngege wa aina mbalimbali wakikutana huzaliana, na watoto wao huzaa. Mwaka 2014 watafiti walieleza yaliyotokea Loboi, Baringo, karibu na Ziwa Bogoria: ngege wa Mto Nile wa asili, waliokuwa wamejitenga katika chemchemi za moto, walikuwa wameshaingiliwa na jeni za aina nyingine iliyoletwa kwa ufugaji. Kwa miaka mingi samaki hao wa asili walijitunza. Mabwawa ndiyo yaliyowafikia.

Ngege wa kufugwa hawezi kuishi katika maji makali ya Magadi, na hiyo ni kinga. Lakini Ewaso Ng'iro Kusini inashuka hadi kwenye kinamasi cha Shompole na kuendelea Natron, ikiwa na maji matamu njiani. Upande wa pili, Mto Athi una ngege wake wa asili, Oreochromis spilurus, na Mto Kitengela unamwaga huko. Kwa hiyo nawaomba wote wenye mabwawa Kitengela, Isinya, Ngong na Kajiado mjini: wekeni wavu wa matundu madogo kwenye mfereji wa kutolea maji, msichimbe bwawa mahali mafuriko yanapofika, na vifaranga vilivyozidi msivitupe mtoni hata kimoja.

Wiki ijayo: jinsi kromosomu zinavyoamua jinsia ya ngege, na kwa nini wafugaji wanataka madume peke yake.