Bastola ya kadiri, bastola ndogo na hatari ya tafsiri ya haraka

Mwanafunzi wangu mmoja wa taaluma ya tafsiri aliniletea kazi aliyokabidhiwa na mteja: kijitabu cha maelezo ya bastola za Kimarekani, kilichoandikiwa raia wenye leseni wanaotaka kuchagua bastola ya kubeba ikiwa imefichwa chini ya nguo. Alikuwa amekwama mahali patatu. Nilipoanza kumwelekeza, niligundua kwamba matatizo yake matatu yanamhusu mwanahabari, mkalimani wa mahakamani na hata afisa wa polisi anayeandika taarifa ya tukio. Ndiyo sababu nimeamua kuyajadili hapa.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa maana huwezi kukitafsiri kitu usichokielewa. Nchini Marekani bastola huainishwa kwa ukubwa. Mfano unaoeleweka upesi ni bastola za kampuni ya Glock ya Austria. Glock 17 ndiyo ya ukubwa kamili, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 17. Glock 19 iko daraja moja chini. Mtutu wake ni milimita 102 na magazini yake hubeba risasi 15. Glock 26 iko chini zaidi: mtutu wa milimita 87 na risasi 10. Zote tatu hutumia risasi ya kipenyo cha milimita 9.

Mtu akizitazama Glock 19 na Glock 26 dukani, anaweza kuuliza, sasa tofauti iko wapi? Unene wao unakaribiana mno, na tofauti ya uzito zikiwa bila risasi haifiki gramu 100. Tofauti kubwa imo katika mpini. Kimo cha Glock 19 pamoja na magazini ni takriban milimita 128, ilhali cha Glock 26 ni takriban milimita 106. Milimita 22 hizo ndizo zinazoamua mambo. Mpini ndio sehemu inayosukuma shati na kuchora umbo la bastola mtu anapoinama au kuketi. Mtutu hujificha wenyewe ndani ya suruali. Kwa upande mwingine, mpini mfupi humwacha mwenye mkono mpana bila mahali pa kuweka kidole cha mwisho, na bastola isiyoshikika vizuri huruka zaidi mkononi inapofyatuliwa. Aidha, mtutu mfupi huzikaribisha alama mbili za kulengea, kwa hiyo kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa ufupi, iliyo rahisi kuficha ni ngumu kulenga nayo.

Kuna sababu za kihistoria pia. Jimbo la Florida lililegeza masharti ya leseni za kubeba bastola iliyofichwa mwaka 1987, na majimbo mengi yakafuata. Kisha sheria ya shirikisho ya 1994 ikazuia raia kuuziwa magazini mpya za zaidi ya risasi 10, hadi ilipokoma 2004. Ikiwa kikomo ni 10, basi mpini mrefu una faida gani? Soko la bastola ndogo likapanuka. Mwaka 2018 ilitokea SIG P365, nyembamba kuliko Glock 26 lakini yenye risasi 10 vilevile, na watengenezaji wakalazimika kubuni jina la daraja jingine la chini zaidi.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la mwanafunzi wangu linapozuka. Majina haya ya madaraja si vipimo. Hakuna kiwango kimoja kinachoyafunga. Kila kampuni hupachika jina linalouza. Mwanafunzi alikuwa ameandika "bastola iliyoshikamana" na "bastola iliyoshikamana chini". Msomaji wa Kiswahili angeelewa nini hapo? Pengine bastola iliyoshika kutu! Mimi nilimpendekezea istilahi mbili zilizo wazi: *bastola ya kadiri* na *bastola ndogo*, kisha ya kwanza kabisa iwe *bastola kamili*. Tunasema mtu wa kimo cha kadiri, si ndiyo? Neno lipo, na linabeba dhana ya ulinganisho ambayo istilahi asili inaikusudia. Mahali panapohitaji uhakika, tarakimu za milimita zifuate.

Mtu atauliza, mbona usitumie kiambishi ki- na kusema *kibastola*? Sarufi inaruhusu. Hata hivyo, udogoshi wa Kiswahili hauishii kwenye ukubwa. Mara nyingi huja na dharau. Kijitu, kijumba, kigari: vyote hivi vimedunishwa. Kibastola kingesikika kama kitu cha mchezo, kisichoweza kudhuru. Ilhali risasi inayotoka kwenye Glock 26 ni ileile inayotoka kwenye Glock 17. Istilahi inayodunisha kitu cha kuua ni istilahi mbaya, hata kama ngeli zake zimenyooka.

Tatizo la pili lilikuwa namna ya kubeba. Mwanafunzi aliandika "kubeba bastola kwa siri". Hapa nilimsimamisha. Siri ni jambo ambalo wengine hawalijui na hawapaswi kulijua. Mtu mwenye leseni habebi silaha kwa siri. Serikali inamjua. Kwetu hapa, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka raia awe na cheti kabla ya kumiliki bunduki. Anachofanya huyo mwenye cheti ni kuizuia isionekane, asiwatishe watu dukani au matatuni na asimvutie mwizi. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo: *kusitiri*. Tunasitiri kile ambacho si haramu lakini si adabu kukianika. Kwa hiyo napendekeza *kubeba kwa kusitiri*.

Je, huu ni ubishi wa wasomi tu? La hasha. Hebu fikiria shahidi anayesema kizimbani kwamba mshtakiwa "alikuwa amebeba bastola kwa siri", kisha mkalimani aipeleke kauli hiyo kwa Kiingereza jinsi ilivyo. Tayari kuna harufu ya njama. Akisema "aliisitiri kiunoni", ametaja tu mahali ilipokuwa. Katiba yetu, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Haki hiyo inategemea uzito wa maneno ambayo mkalimani anayachagua papo kwa papo.

Tatizo la tatu ndilo lililonitia hofu. Kijitabu kilieleza uwezo wa bastola kwa alama hii: 15+1. Mwanafunzi, kwa nia njema ya kurahisisha, aliandika "risasi 16". Hesabu ni sahihi, maana imepotea. Ile moja haipo kwenye magazini. Imo tayari ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, ikingoja kufyatuliwa. Ukichomoa magazini na kuiweka mezani, umeondoa 15. Moja imebaki, na bastola nyingi, zikiwemo hizo za Glock, hufyatuka hata magazini ikiwa imetolewa.

Sasa tazama lugha yetu ya kila siku. Mtu anachomoa magazini na kusema, "Haina risasi hii." Ama anasema, "Iko tupu." Kauli hizo hazibainishi ni wapi patupu. Ni magazini? Ni chemba? Ni zote mbili? Katika maelezo ya usalama, tafsiri lazima itaje sehemu: *magazini imetolewa, chemba imekaguliwa, haina kitu*. Ni maneno mengi, naam, lakini hapa ufupi si sifa. Nilimwambia mwanafunzi arejeshe alama ya 15+1 na aeleze chini yake: kumi na tano katika magazini, moja katika chemba.

Neno *risasi* lenyewe linachangia mkanganyiko. Limetokana na neno la Kiarabu la madini ya risasi, yaani kile kipande kinachoruka. Siku hizi twalitumia kwa kipande hicho na pia kwa kitu kizima chenye ganda, baruti na kipande. Ndiyo maana gazeti huweza kuripoti kwamba risasi 10 zilipatikana mahali pa tukio, na msomaji asijue kama zilikuwa zimepigwa au bado. Kamusi za zamani zina *kiasi* kwa maana ya kile kitu kizima. Sina hakika kama vijana watalipokea leo, maana limeelemewa na maana nyingine. Lakini *ganda la risasi* na *risasi ambayo haijapigwa* tunaweza kuyatumia kesho asubuhi bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa silaha hawajatafuta. Tuna *kasiba* kwa mtutu, *fataki* kwa kile kiwashio cha baruti, *ala* kwa mfuko wa bastola kama ulivyo mfuko wa upanga. Mtaani nako hawajalala: bastola huitwa *mguu wa kuku*, na anayeitazama kwa ubavu ataona umbo hilo mara moja. Jina hilo nalifurahia kijiweni. Katika hati ya kiapo, hapana.

Rai yangu kwa wahariri, walimu wa tafsiri na wakalimani ni kwamba istilahi za silaha zipewe uangalifu uleule tunaozipa istilahi za dawa. Mfamasia hawezi kuandika "meza vidonge kadhaa". Nasi tusiandike "bastola tupu" bila kusema ni sehemu gani iliyo tupu.