Nani Huiamuru Figo Ibane Chumvi? (Sehemu ya Pili)

Jioni ng'ombe wanaporejea zizini, Ngara au Biharamulo, mfugaji akimwaga chumvi horini hupigana vikumbo. Madume hutangulia, ndama hulamba kilichodondoka pembeni. Uroho huo una sababu. Majani mengi ya malisho yana potasiamu tele na sodiamu haba, ilhali mate ya ng'ombe, makumi ya lita kwa siku, yanahitaji sodiamu nyingi.

Nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, hawana wa kuwamwagia chumvi. Wao hutegemea zaidi figo zao zisiipoteze.

Makala iliyopita ilieleza jinsi figo inavyochuja damu. Sasa tuulize: nani huiamuru irudishe chumvi mwilini badala ya kuiacha itoke na mkojo?

Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alikata neva iendayo kwenye figo ya upande mmoja wa mnyama. Mkojo wa upande huo ukaongezeka. Kumbe neva ile ilikuwa ikiizuia figo muda wote!

Neva hizo hutoka kwenye uti wa mgongo, zikaingia figoni sambamba na ateri na kusambaa hadi kwenye mirija midogo, ambako humwaga noradrenalini. Zikisisimka kidogo tu, seli za figo hutoa renini, ambayo mwishowe huzifanya tezi za adrenali zitoe aldosteroni, homoni inayohimiza sodiamu irudishwe. Zikisisimka zaidi, mirija yenyewe hufyonza sodiamu bila kungoja homoni hiyo. Mnyama akijeruhiwa na kuvuja damu nyingi, neva husisimka mno: mishipa ya damu ya figo hubana na mkojo hupungua sana.

Je, figo haiwezi kufanya kazi bila neva? Inaweza. Figo ya kupandikizwa hukatwa neva zake, na bado huchuja damu. Lakini majaribio kwa panya yameonyesha kuwa waliokatwa neva za figo, wakilishwa chakula chenye chumvi kidogo, hushindwa kuibana sodiamu kama wenzao. Hapo ndipo thamani ya neva inapoonekana: wakati wa uhaba.

Kwa hiyo mfugaji asiache kuwapa ng'ombe chumvi, na maji yawepo ya kutosha. Ng'ombe aliyekula chumvi nyingi akakosa maji hupata sumu ya chumvi, na sumu hiyo hudhuru ubongo.