Walianza na watoto wa utumwani, leo wanataka ada ya mamilioni

Kila mwaka mtihani wa darasa la saba ukikaribia, wazazi wa Dar huanza kupishana kwenye ofisi za shule za masista na mapadri. Fomu ya kujiunga, usaili, picha za pasipoti, yaani hekaheka tupu. Mtoto anapigishwa tuisheni mpaka macho yanakuwa mekundu. Mama yake, ambaye pengine hajawahi kukanyaga kanisani maisha yake yote, anajifunza kusema "Tumsifu Yesu Kristo, Sista" kwa sauti laini kama asali. Ukimuuliza kulikoni, jibu ni moja tu: "Pale wanasoma, bwana!"

Kusoma wanasoma, hilo hatubishani. Lakini nani anaingia pale na nani anabaki nje ya geti? Swali hili siyo la leo. Limezifuata shule hizi tangu siku ya kwanza, na jibu lake limekuwa likibadilika kila baada ya miaka thelathini hivi. Wanafunzi wa kwanza kabisa hawakuwa na mzazi wa kuwajazia fomu. Walikuwa watoto wa utumwani, na wengi wao walinunuliwa kwa fedha taslimu.

Naam, kaka na dada msomaji, umesoma sawasawa.

WATOTO WA SOKONI

Padri Mfaransa Armand-Joseph Fava alishuka Unguja mwaka 1860 akitokea kisiwa cha Réunion, akiwa na mapadri wenzake na masista. Mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu wakiongozwa na Padri Anton Horner. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa linafanya biashara mchana kweupe, na halikufungwa mpaka 1873. Mapadri walikuwa wanawakomboa watoto kwa kulipa bei, wengine waliletwa baada ya majahazi kukamatwa baharini. Hao ndio waliojaza darasa la kwanza.

Mwaka 1868 wakavuka bahari kwenda Bagamoyo, mji ambao misafara ya pembe na watumwa kutoka bara ilikuwa inaishia. Hapo ndipo mradi ulipochanua. Watoto walifundishwa dini, kusoma na hesabu, lakini pia useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliwabomolea majengo, wakaanza upya. Mwaka uliofuata mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, aliyekuja kumbana Sultani kuhusu utumwa, alipita Bagamoyo na kuimwagia sifa misheni hiyo.

Sasa tusipambe mno. Maisha pale hayakuwa lelemama. Mapadri walifuata mtindo wa mashamba ya Ufaransa ya kuwanyoosha vijana watukutu: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya kulala. Vijana walipokua walikuwa wanaozwa na kupewa makazi kwenye kijiji cha Wakristo palepale, chini ya jicho la padri. Hawakuwa watumwa tena, lakini kuondoka kama wanavyotaka nako haikuwa rahisi. Kuna waliotoroka, na kwa kweli mimi siwashangai. Mtu aliyeuzwa mara moja anaijua bei ya kupangiwa maisha.

Hata hivyo wao ndio walioibeba shule hadi bara. Misheni ilipofunguliwa Mhonda mwaka 1877, mapadri walifuatana na familia za Kikristo kutoka Bagamoyo. Ikaja Mandera 1881, Morogoro 1882, na mwaka 1890 wakapanda hadi Kilema, Kilimanjaro. Vitabuni tunasoma majina ya Wafaransa na Wajerumani wenye ndevu ndefu. Lakini bila Waafrika wale waliotoka utumwani, wakatangulia kujua kusoma na kufundisha dini, padri asingefika mbali. Majina yao mengi yamepotea. Huo nao ni uonevu, wajameni.

KISA CHA PUGU

Upande wa Dar mambo yalianza kwa damu. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni Pugu mwaka 1888, wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu pwani ilikuwa inachemka dhidi ya Wajerumani. Januari 1889, katika vita vya Bushiri, misheni ilishambuliwa na kuchomwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakatekwa hadi walipokombolewa. Tafakari hilo kidogo: safari hii waliokombolewa kwa fedha ni wamisionari.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikawafagia Wajerumani, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakashika kazi Dar es Salaam. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ambao walitaka elimu lakini hawakutaka kutoa hela nyingi. Wakaja na mpango wa ruzuku: misheni ikifuata mitaala na kuwa na walimu wenye vyeti, serikali inachangia. Vishule vya makuti ambako katekista alifundisha sala na a-e-i-o-u havikufuzu. Ilibidi kuchagua, kujenga makanisa au kujenga shule za maana.

Jibu likatoka Roma. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, aliwakutanisha viongozi wa misheni hapahapa Dar es Salaam akawaambia, kwa maneno yasiyozunguka, kwamba kama hawawezi kufanya yote mawili basi waache makanisa yapungukiwe ili shule ziwe bora. Fikiria mkubwa wa Kanisa anasema hivyo! Lakini jamaa alikuwa anaona mbali. Mwenye shule leo ndiye mwenye makarani, waganga na wakubwa wa kesho.

Na hapo ndipo penye kidonda. Hapa pwani Waislamu ndio wengi, na shule na ubatizo vilikuwa vinakaa nyumba moja. Mzazi wa Bagamoyo au Rufiji aliyemnyima padri mtoto wake hakuwa mjinga, kama wengine wanavyopenda kusema. Alikuwa na madrasa yake, watu wake walikuwa wanaandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla hata meli ya Padri Fava haijatia nanga. Alichoogopa ni mtoto kwenda Athumani akarudi Antoni. Lakini gharama ya hofu hiyo ilikuja kulipwa. Uhuru ulipofika mwaka 1961, waliosoma walikuwa kwa kiasi kikubwa wale waliopitia misheni, na maneno ya chini kwa chini kuhusu jambo hilo hayajaisha mpaka kesho.

MWALIMU ANAACHA CHAKI

Shule iliyovuma kuliko zote upande huu ilikuwa St. Francis' College, Pugu, kule vilimani nje ya jiji. Vijana walitoka kila kona ya nchi. Mmoja wao aliitwa Benjamin Mkapa, mtoto wa Masasi aliyepitia pia Ndanda kwa Wabenediktini, akaja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu mwaka 1995.

Ila mwalimu ndiye aliyeweka historia. Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akapata kazi ya kufundisha Pugu. Alikuwa ameshafundisha shule nyingine ya mapadri, St. Mary's ya Tabora, kabla ya kwenda Ulaya. Mchana historia, Jumamosi na Jumapili siasa mjini. TANU ikazaliwa Julai 7, 1954. Machi 1955 akaenda kuhutubia Umoja wa Mataifa, New York, na aliporudi mambo yakawa mazito: serikali ya kikoloni haikupenda, na wakubwa wa shule wakataka achague moja. Akaacha kazi mwezi huohuo, na mshahara akauacha hukohuko. Jina la Mwalimu likabaki.

Sasa sikia maajabu. Mkatoliki huyuhuyu, aliyekuwa anasali misa kama wengine wanavyokunywa chai, ndiye aliyezitaifisha shule za Kanisa. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967, Sheria ya Elimu ikaja 1969, na kuanzia 1970 serikali ikazishika. St. Francis ikawa Pugu Sekondari. Marian College ya Morogoro, ya masista wa Maryknoll kutoka Marekani, ikawa Kilakala. St. Joseph's Convent, pale pembeni mwa kanisa kuu la Dar, ikawa Forodhani.

Wapo wazee wa Kanisa ambao mpaka leo ukiwagusa hapo wanatoa pumzi ndefu. Mimi naona Mwalimu alikuwa na hoja nzito. Nchi mpya haiwezi kukaa salama ikiwa mlango wa sekondari unafunguliwa kwa cheti cha ubatizo. Wanafunzi wa dini zote wakaanza kulala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja, na hilo si jambo dogo. Lakini tuseme na upande wa pili: miaka ya 1980 uchumi ulipokwenda mrama, madawati yalivunjika, vitabu vikaisha, na serikali haikuwa na ubavu wa kutunza ilichokichukua.

WITO WA FOMU SIKSI

Kitu kimoja hakikuguswa: seminari. Hizo zilikuwa za kuandaa mapadri, serikali ikaziacha. Bwana we! Ghafla vijana wengi wakasikia sauti ya Mungu ikiwaita. Kuna waliokuwa na wito wa kweli, na kuna waliokuwa na wito wa Fomu Siksi tu. Cheti kikishatoka, wito nao unakwisha. Ukizungumza na wazee wa ofisi za mjini wenye Kilatini cha kuombea maji, utagundua wengi walipitia mlango huo.

Mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu elimu na afya, hati ambayo baadhi ya Waislamu waliilalamikia kwamba ni upendeleo. Mwaka 1995 sheria ya elimu ikarekebishwa na shule binafsi zikapewa nafasi pana. Kanisa halikusubiri kusukumwa. Miaka hiyohiyo ya 1990 ikazaliwa Marian Girls. Jina lilelile la kule Morogoro, ila safari hii ni chini ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, na mahali penyewe ni Bagamoyo! Matokeo ya Fomu Foo yakaanza kuitaja mara kwa mara kwenye orodha za wakali, na wazazi wakaanza kuchanganyikiwa.

Cheti cha ubatizo siyo kikwazo tena. Mtoto wa Kiislamu, wa Kilutheri, wa Kihindu, wote wanapokelewa wakifaulu usaili. Kikwazo ni risiti ya benki. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Upande wa pili wa barabara bweni la masista ni mamilioni kwa mwaka, na bado godoro, ndoo, sare na "michango mingine". Mapadri wanajitetea kwamba ruzuku hakuna, walimu wanataka mshahara na maabara hazijengwi kwa rozari. Ni kweli. Lakini Padri Horner naye hakuwa na maabara, na watoto wake hawakuwa hata na ndugu wa kuwachangia.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, likisema haina tija. Wazazi wa mjini hawakujali. Wanapakua matokeo wenyewe, wanahesabu divisheni wani kwa vidole, kisha wanapiga simu kwa Sista kuuliza kama nafasi bado zipo na kama ada inaweza kulipwa kwa awamu nne badala ya mbili.