Ngao zilizochorwa kwenye mawe ya Moru, Serengeti: maana yake ni hii

Kwa mtu wa Mbinga au Mbamba Bay, ukitaja ngao anawaza Wangoni. Ngao yao ni ngozi ya ng'ombe iliyoachwa na manyoya yake, na rangi ni ileile aliyozaliwa nayo ng'ombe. Mtindo huo ulitoka kusini, na watu waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba. Hapo hakuna kupaka rangi.

Kwa Wamasai ni habari nyingine kabisa. Wao walichukua ngozi ngumu, hasa ya nyati, wakaiondoa manyoya, kisha wakaichora kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ngao za namna hiyo ndizo zimechorwa chini ya jabali moja huko Moru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Sasa zinasema nini? Alama za kwenye ngao huitwa sirata. Zilionyesha morani ni wa rika gani na kundi gani, hivyo hata akiwa mbali unajua huyo ni wa kwetu au siyo. Kwenye vita, hilo si jambo dogo. Kulikuwa pia na alama nyekundu ya ushujaa, na hiyo ilihitaji ruhusa. Yaani huamki tu asubuhi ukajipakia.

Kwa nini jabalini? Morani walikuwa na olpul, kambi ya kula nyama mbali na boma. Wanakaa siku kadhaa, wanashiba, muda upo. Kenya nako, kwenye kilima cha Lukenya, kuna mapango ya aina hiyo yenye michoro. Kwa hiyo wanaokimbilia kusema ni uchawi, mimi naona wanakosea: vijana walichora kile walichojivunia.

Usichanganye na michoro ya Kondoa, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ile ya wawindaji ni ya kale zaidi.

Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, kwa hiyo hakuna tena morani anayekuja Moru kuchora upya pale rangi inapofifia. Ukifika, piga picha ila usiguse. Na usimwagie maji ukutani eti picha itoke vizuri kwenye simu. Rangi inaondoka nayo.