Mashine yaweza kusoma sufuri na chumba kikawa na sumu

BARIDI ya usiku katika eneo la Kapkatet, karibu na mpaka wa kaunti za Kericho na Bomet, huwashawishi watu kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yakishakolea hayatoi moshi wa kuwasha macho, na hapo ndipo wengi hudhani kuwa hatari imepita. Kumbe makaa hayo mekundu, yasiyofuka, hutoa kwa wingi kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Kwa kuwa pua haiwezi kuitambua, hapana budi kutumia chombo. Swali ni chombo kipi.

Kifaa wanachotumia mara nyingi wakaguzi wa mvuke wa rangi, petroli na gundi kina taa ya miali ya urujuanimno. Miali hiyo hupiga molekuli za mvuke, kwa mfano za benzini, na kuzing'oa elektroni. Umeme mdogo unaotokea ndio husomwa kama kiasi cha mvuke. Taa ya kawaida ina nguvu ya elektronivolti 10.6. Kaboni monoksidi huhitaji takriban 14. Basi mkaguzi aweza kusimama kando ya jiko, kifaa kikaonyesha sufuri, na watu waliolala humo wakawa wanapoteza fahamu. Hata formaldehaidi, inayotoka katika gundi ya mbao za kushindiliwa, huponyoka taa hiyo kwa tofauti ndogo tu.

Kaboni monoksidi hupimwa kwa kihisio cha kikemikali: gesi hupenya, huungana na oksijeni juu ya elektrodi, na mkondo wa umeme unaozalishwa hulingana na wingi wake. Mvuke uliochanganyika, kwa upande mwingine, hunaswa katika kijineli cha kioo kilichojaa makaa maalumu na kupelekwa maabara kuchambuliwa. Ni kejeli ya aina yake kwamba makaa, chanzo cha sumu moja, ndiyo mtego wa nyingine.

Saa ya kupima nayo ina uzito. Kipimo cha mchana, mlango ukiwa wazi, hakisemi lolote kuhusu saa nane za usiku. Kifaa chapaswa kuachwa chumbani usiku kucha, kwenye kimo cha kichwa cha anayelala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 unaweka kikomo cha miligramu 4 za gesi hiyo katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa 24.

Ukali wa sumu hii unatokana na damu yenyewe. Himoglobini huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Hata kifaa cha kawaida cha kubanwa kidoleni hospitalini huweza kudanganyika, kikaonyesha kwamba oksijeni inatosha ilhali mgonjwa anakosa hewa. Kipimo cha damu ndicho hufichua ukweli.

Anayenunua kengele ya gesi hii ya kuwekwa nyumbani atazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake. Kihisio huchakaa baada ya miaka kadhaa, na kitufe cha majaribio kwa kawaida hukagua betri na mlio tu, si kihisio chenyewe.