Mto Hautoshi Bila Mikono ya Watu

Wako watu wasemao kwamba ustaarabu wa Misri ya kale ulizaliwa na mto Nile, kana kwamba maji yalipanda ukingoni yakajenga miji na mahekalu yenyewe. Sisi twaona kwamba maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo impasayo kila mfanya kazi kuijua.

Nusu ya kwanza hatuikani. Nchi ya Sahara haikuwa jangwa siku zote. Palikuwa na majani, maziwa na wanyama. Yapata miaka 6,000 hadi 5,000 iliyopita mvua zilizidi kupungua, na wafugaji wengi wakasogea bondeni mwa Nile. Huko walikuta mto wa ajabu. Maji ya Ziwa Viktoria, tulijualo sisi wa Afrika Mashariki, yaliusaidia usikauke wakati wa kiangazi. Lakini mafuriko ya kila mwaka yalitoka milima ya Uhabeshi, yakileta tope jeusi lenye rutuba, nalo ndilo lililoilisha Misri.

Walakini maji yaendayo yapendavyo huleta baa kama yaletavyo neema. Mafuriko yakiwa haba, njaa iliingia; yakizidi, vijiji vilichukuliwa. Kwa hiyo wanavijiji walijenga matuta ya udongo, wakaligawa bonde kuwa majaruba makubwa, wakachimba mifereji ya kuingizia maji. Maji yalituama majuma kadhaa mpaka ardhi ikashiba, kisha yakatolewa na mbegu zikapandwa katika tope. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Tuta likibomoka kwa uzembe wa mmoja, shamba la jirani huangamia. Wachunguzi wengi wa mambo ya kale waona kwamba kazi hiyo iliongozwa na vijiji vyenyewe, wala haikungoja amri ya mfalme.

Nafaka ilipozidi chakula cha nyumbani, ndipo lilipozuka swali kubwa: nani atashika ufunguo wa ghala? Yapata mwaka 3100 kabla ya Kristo, Misri ya kaskazini na ya kusini ziliunganishwa chini ya mfalme mmoja, na wengi humtaja Narmer. Kodi ikatozwa kwa nafaka, na kimo cha mafuriko kikapimwa na kuandikwa mwaka kwa mwaka. Hata maandishi yalianza kutumika mapema katika kuhesabu mali. Huko Abydos, katika kaburi la mtawala wa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, vimeonekana vibao vidogo vya mfupa na pembe vilivyofungwa kwenye bidhaa. Vivyo hivyo huko Uruk, katika nchi ya mito ya Tigris na Frati, mabamba mengi ya udongo ya mwanzo yalihesabu shayiri na posho. Twaweza kusema kwamba karani alizaliwa ghalani.

Hatudharau mambo yaliyofanywa na serikali hizo. Piramidi ya Khufu huko Giza, iliyojengwa yapata mwaka 2560 kabla ya Kristo, ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi. Mwaka 2013 karatasi za mafunjo zilipatikana Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Sham. Ndani yake zimo kumbukumbu za kila siku za mnyapara mmoja aitwaye Merer, ambaye kikosi chake kilichukua mawe kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Jina la mfalme lilijulikana siku zote. Jina la mnyapara lilikaa mchangani miaka 4,500 hivi.

Tena ikaja siku ambayo ghala halikufunguliwa. Yapata mwaka 1157 kabla ya Kristo, katika mwaka wa 29 wa enzi ya Ramses III, mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme, wakaao kijiji cha Deir el-Medina, walicheleweshewa posho yao ya nafaka. Waliacha kazi, wakaenda kuketi kwenye mahekalu, wakasema kwamba njaa na kiu ndizo zilizowaleta. Karani aliyaandika hayo, na karatasi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Turin, Italia. Huo ndio mgomo wa kwanza wa wafanya kazi ujulikanao katika maandishi. Posho ilitolewa, ikachelewa tena, nao wakagoma tena. Hawakuomba cha mfalme, walidai chao. Mkono mtupu haulambwi.

Tangu bwawa kubwa la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, mafuriko hayo hayapiti tena katika mashamba ya Misri. Mto umezuiwa, bali funzo lake lingalipo. Tope ni neema, tuta ni jasho, na ghala ni amana. Basi tusomapo sifa za wafalme wa kale, tuulize pia habari za wale walioinua matuta, na kama walikula wakashiba.