Kulipa kodi hakumpi mtafiti mgeni haki ya ukaazi

MTAFITI wa kigeni mwenye shahada ya uzamivu anayekuja kufanya kazi Dar es Salaam, iwe katika maabara za Upanga au ofisi za katikati ya jiji, hukutana na neno "mkaazi" mahali pawili. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina maana yake ya neno hilo, na Idara ya Uhamiaji ina yake. Wapo wanaodhani kwamba wakishakubaliwa na ofisi ya kwanza, ya pili nayo itafuata. Sheria haisemi hivyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mtu huhesabiwa kuwa mkaazi ikiwa ana makazi ya kudumu nchini na amekuwapo kwa sehemu yoyote ya mwaka, au amekaa jumla ya siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Aidha, asiyefikisha siku hizo huweza kuwa mkaazi iwapo wastani wake kwa mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia unazidi siku 122 kwa kila mwaka. Mwaka unaotumika ni wa kalenda. Hivyo mtafiti asiye na makazi ya kudumu hapa, aliyewasili kwa mara ya kwanza Agosti 1, hawezi kufikisha siku 183 kabla ya Desemba 31. Mwaka huo wa kwanza hubaki si mkaazi, na unaofuata huwa mkaazi.

Mabadiliko hayo hugusa mfuko wake moja kwa moja. Mwajiriwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mkaazi hukatwa kwa ngazi zilizoanza kutumika Julai 2021, ambapo kiasi kinachozidi Sh1,000,000 kwa mwezi hutozwa asilimia 30. Kwa mshahara wa Sh3,000,000, kabla ya kuondoa michango ya hifadhi ya jamii, asiye mkaazi hulipa Sh450,000 na mkaazi hulipa Sh728,000. Mtafiti huyo anaongezewa mzigo wa Sh278,000 kila mwezi kwa sababu amekuwa mkaazi, lakini ukaazi huo haumwongezei hata siku moja katika kibali chake cha Uhamiaji.

Ugumu zaidi upo kwa wanaolipwa kwa ufadhili. Wengi wao huuita fedha ya masomo na kuamini kuwa haitozwi kodi. Msamaha uliomo katika sheria unahusu ruzuku ya karo na ada za masomo ya muda wote katika taasisi ya elimu, na mtu aliyekwisha kupata uzamivu si mwanafunzi tena. Malipo ya kazi iliyofanyika Tanzania huhesabiwa kuwa ni mapato ya hapa hata kama yaliingia katika benki ya Ulaya. Wanaotoka nchi zenye mkataba na Tanzania wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland, wana nafuu ya kuusoma kwanza mkataba huo. Ujerumani na Marekani hazimo.

Kwa upande wa Uhamiaji, daraja A la kibali ni la wawekezaji na wafanyabiashara, B ni la waajiriwa, na C ni la makundi mengine, wakiwamo watafiti, ambao pia huhitaji idhini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mtafiti wa daraja C akianza kulipwa mshahara na chuo cha hapa, makato yake ya kodi yatamtambulisha kama mwajiriwa, na mwajiriwa hutakiwa kuwa na kibali cha kazi pamoja na daraja B. Kodi itakuwa imelipwa sawasawa, na karatasi hiyohiyo ya kodi itakuwa ushahidi kwamba kibali chake si sahihi.

Somo la namna hiyo lilionekana wazi Kariakoo, mwendo mfupi kutoka Upanga. Julai 2025 Serikali ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za jumla na rejareja, ufundi wa simu na uwakala wa fedha kwa simu. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mwenye leseni hai aliruhusiwa kuendelea hadi imalizike. Kwamba alikuwa mlipa kodi mzuri hakukumpa haki ya kuihuisha.

Tanzania bara haina ukaazi wa kudumu wa namna ya Canada. Vibali huhuishwa, na anayetaka kubaki daima huomba uraia wa tajinisi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Kinachotazamwa ni uhalali wa kuishi kwake, tabia yake na mchango wake, na Waziri halazimiki kutoa sababu akikataa.

Watanzania wanaofanya utafiti Ujerumani hukutana na hali iliyo kinyume. Huko ukaazi wa kudumu upo, na njia ya kawaida humtaka mwombaji awe amechangia pensheni kwa miezi 60. Wataalamu wenye ajira huweza kuomba wakiwa na 36. Fedha za taasisi zinazofadhili utafiti mara nyingi hazitozwi kodi wala kukatwa michango hiyo. Mtafiti aliyefurahia kupokea fedha zake zote kwa miaka miwili hujikuta hana hata mwezi mmoja wa kuonyesha. Sheria ya huko inaruhusu michango ya hiari, ila anayetaka ihesabiwe hana budi kuanza kuilipa mapema, au kuomba mkataba wa ajira kabla ya kusaini ule wa ufadhili.